Pon ya gari la zamani: jinsi ya kuitambua, na jinsi historia ya Tshopo ilivyoichanganya

Kamioneti ya zamani ikivunjika pon kwenye njia ya msituni ya Isangi, kazi ya kuifufua haianzi na ufunguo wa garaji. Inaanza na simu. Mwenye gari anapiga Kisangani, wa Kisangani anapiga Bunia au Kampala, na swali linalorudi ni lile lile: pon gani? Jibu linalotolewa mara nyingi ni “ya Land Cruiser,” na pesa inatumwa. Piesi inafika baada ya majuma kadhaa, imefungwa ndani ya gunia, nyuma ya pikipiki au chini ya boti ya mbao. Inapakuliwa, inapanguswa, inajaribiwa. Haiingii.

Kosa hilo halimgharimu mwenye gari peke yake. Mto ndio barabara kubwa ya Isangi, mahali Lomami inapoingia katika mto Kongo, lakini vijiji vilivyo mbali na maji vinangoja magurudumu. Chumvi, sabuni, dawa za kituo cha afya, mgonjwa wa kupelekwa hospitali, magunia ya mchele na mihogo ya kuuza: vyote vinapanda kamioneti ile ile. Na tangu mgogoro wa Wambole na Walengola ulipolipuka mwaka 2023 na kuzihamisha familia nyingi kuelekea Kisangani, watu wamejifunza upya bei ya nafasi moja juu ya gari, pamoja na godoro na sufuria. Gari likikaa juu ya mawe mwezi mzima kwa sababu ya piesi iliyonunuliwa vibaya, kuna watu wanaokaa pamoja nalo.

Sababu ya kosa hilo haiko katika ujinga wa mafundi. Mafundi wa Kisangani wamefufua magari ambayo kwingine yangepelekwa kuyeyushwa. Sababu ni kwamba magari yaliyobaki katika nchi hii si yale yaliyotoka kiwandani. Vita, uporaji na miaka ya kukosa piesi vimeyafungua na kuyafunga tena, pon ya hili chini ya lile. Jina lililoandikwa mbele ya gari halisemi tena kilicho chini yake. Lazima kulala chini na kutazama.

Kwanza, neno lenyewe. Watu wetu wanasema pon kutoka Kifaransa, na kwa Kifaransa neno hilo ni lile lile la daraja. Anayejua njia za Tshopo ataona mzaha uliomo: gari limevunjika pon, limelala mbele ya pon iliyovunjika. Wanaotoka upande wa Uganda au Tanzania huita sehemu ya katikati difu. Pon ni bomba zito la chuma linalounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Katikati limevimba kama tumbo, na ndani ya tumbo hilo kuna magurudumu ya meno. Kardani inaleta nguvu kutoka kwenye injini na kuzungusha kijino kidogo kinachoitwa pinyo. Pinyo inazungusha gurudumu kubwa la meno, kurone, na kurone inagawa nguvu kulia na kushoto.

Kugawa huko ndiyo kazi ya difu. Gari likikata kona, gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Kama yote mawili yangefungwa kwenye chuma kimoja, moja lingeburuzwa. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alitengeneza difu kwa ajili ya gari la mvuke katika miaka ya 1820, wakati ambapo hapa Lomami hakuna aliyewahi kuona hata baiskeli. Difu ina upungufu mmoja ambao kila dereva wa msituni anaujua bila kufundishwa: gurudumu moja likiingia kwenye tope laini, linazunguka bure, na lile lililo mahali pagumu linabaki limesimama. Ndiyo maana watu wakatafuta gari ambalo pon ya mbele nayo inavuta.

Kiswahili kilifika huku kabla ya gari. Kililetwa na misafara ya Tippu Tip na watu wake katika karne ya 19, na mizigo ilikuja kwa mitumbwi na juu ya vichwa vya watu. Baadaye Wabelgiji walilazimisha vijiji kuchimba na kufagia barabara, na wazee wengi walipokea habari hiyo kutoka kwa baba zao pamoja na habari ya fimbo. Magari ya kwanza ya barabara hizo yalivuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Mvua ikinyesha, yalisimama.

Jeep ndiyo iliyobadilisha mambo. Marekani ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1941 kwa ajili ya vita, na pon zake zilitoka kwa kampuni ya Spicer. Baada ya vita, Waingereza walitazama Jeep wakatengeneza yao: Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 mwezi wa 4 mwaka 1948. Wajapani nao wakafuata. Mwaka 1951 Toyota ilitengeneza gari lililoitwa BJ, na mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Magari haya matatu ni ndugu wa tumbo moja, na ndiyo maana pon zao zinafanana kiasi cha kumdanganya mtu anayetazama kwa haraka.

Hapa kwetu zama za Jeep na Land Rover zilikuwa zama za mashamba makubwa na za vita. Yangambi, ng'ambo ya mto, ilipata kituo chake cha utafiti wa kilimo, INEAC, mwaka 1933. Mashamba ya michikichi ya Lokutu yalikuwa ya kampuni ya Lever. Kazi kama hizo zilihitaji magari ya kupita kwenye udongo mwekundu katika miezi yote. Kisha ikaja mwaka 1964. Tarehe 24 mwezi wa 11 makomandoo wa Ubelgiji walirushwa kutoka angani juu ya Stanleyville, na siku hiyo hiyo msafara wa nchi kavu wa kanali Vandewalle uliingia mjini kwa jeep na makamio. Kila msafara wa vita huacha nyuma yake magari yaliyokufa, na gari lililokufa kwa fundi ni duka.

Basi Land Rover ya zamani inatambulikaje? Ina bulo 5 kwenye kila gurudumu. Ukilala nyuma yake utaona mojawapo ya sura mbili. Ya kwanza ni tumbo la mviringo lililo laini kwa nyuma, halina kifuniko cha kufungua. Difu inatolewa kwa mbele, upande wa kardani, baada ya kuchomoa shafti mbili. Hiyo ni pon ya Rover yenyewe. Ya pili ni tumbo zito la chuma cha kumwaga, lenye kifuniko cha bati upande wa nyuma kilichofungwa kwa bulo 10. Hiyo inaitwa Salisbury, na ilikuja chini ya Land Rover ndefu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni pon ngumu sana. Lakini kurone yake haitoki pamoja na kiti chake kama ile ya Rover. Lazima ipangwe humo humo ndani ya pon, kwa vipimo vidogo kuliko unene wa ukucha. Fundi asiye na vipimo hivyo ni bora atafute pon nzima ya Salisbury kuliko kununua kurone na pinyo peke yake. Huu ni mfano wa kwanza wa pesa inayopotea kwa kutosema jina moja tu kwenye simu.

Kuna tofauti nyingine ambayo haionekani kwa macho. Land Rover za zamani zenye resori za mabamba zina pinyo ya meno 10 na kurone ya meno 47, yaani kardani inazunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ile iliyotoka mwaka 1983 kwa jina la One Ten, yenye resori za kujizungusha kama nyoka, ina uwiano wa 3.54. Sura ya pon ni karibu moja. Ukiweka difu ya 3.54 mbele na ya 4.7 nyuma, gari litapigana na lenyewe.

Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973 rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazaire. Wengi waliopewa hawakujua biashara hiyo, na wengine walikula mtaji ndani ya mwaka mmoja. Maduka ya piesi yaliyokuwa ya Wagiriki, Wareno na Wahindi yalifungwa au yakabaki na rafu tupu. Kwa historia ya pon, mwaka huo ni mkubwa kuliko mwaka wowote wa vita. Hapo ndipo fundi wa Kisangani alipoacha kuwa mtu wa kubadilisha piesi akawa mtu wa kuoanisha piesi. Pon ya nyuma ya gari la misheni ikaingia chini ya gari la mfanyabiashara. Shafti ndefu ikakatwa na kuunganishwa kwa moto. Uporaji wa mwaka 1991 na 1993 ukaongeza: magari yaliyofunguliwa usiku yaliuzwa asubuhi kipande kwa kipande, na hakuna aliyeuliza kipande kimetoka wapi.

Halafu Toyota ikachukua nafasi. Land Cruiser ya aina ya 70 ilianza kutengenezwa mwaka 1984, na kamioneti yake ndefu, ile inayoitwa 75, ndiyo watu wengi wanayoikumbuka kama gari la kweli. Kisangani iliingia mikononi mwa AFDL mwezi wa 3 mwaka 1997. Kisha majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana humo humo mjini mwezi wa 8 mwaka 1999, tena mwezi wa 5 mwaka 2000, na tena kwa siku sita mwanzoni mwa mwezi wa 6 mwaka huo. Baada ya hapo yakaja magari meupe: MONUC, mashirika ya kibinadamu, miradi ya afya. Mengi yalikuwa Land Cruiser za aina ya 78 na 79, yakiwa mapya kabisa. Mradi ukiisha, gari linauzwa, linapakwa rangi nyingine na kuanza maisha ya pili ya kubeba mizigo.

Hapo ndipo mtego mkubwa wa leo ulipo. Mwaka 1999, Toyota ilibadilisha chini ya gari bila kubadilisha sana uso wake. Mtu anayetazama mlango na bodi anaona gari moja. Anayelala chini anaona mawili.

Ya zamani, 75, ina bulo 6 kwenye gurudumu, na mbele ina resori za mabamba. Ya baadaye, 79, ina bulo 5, na mbele ina resori za kujizungusha. Nyuma mabamba yamebaki. Ndani ya tumbo la mbele pia kuna tofauti. Kwenye ya zamani kardani inaingia chini ya mstari wa katikati ya pon. Kwenye ya baadaye inaingia juu ya mstari huo, kurone ni ndogo zaidi, na meno yake yamekatwa kwa mwelekeo mwingine. Kwa hiyo kurone ya mbele ya 79 haiwezi kuwekwa nyuma hata kwa maombi. Aliyeandika tu “kurone ya Land Cruiser” amerusha sarafu hewani.

Bulo zinafaa kuhesabiwa kwenye magurudumu yote manne, si moja. Gari lenye bulo 6 nyuma na 5 mbele si la ajabu kwetu. Linasema waziwazi kwamba pon mbili hizo hazikuzaliwa pamoja. Dereva wake anajulikana kwa kitu kimoja: anabeba magurudumu mawili ya akiba, au anabeba moja na kuomba Mungu achague upande wa kupasuka.

Na bulo 5 peke yake haitoshi. Land Rover ina 5, Toyota ya baada ya 1999 ina 5, Jeep ya zamani ina 5. Chukua mita ya fundi nguo, pima kutoka katikati ya bulo moja hadi katikati ya bulo jirani. Kwenye Toyota utapata karibu milimita 88. Kwenye Land Rover karibu 97. Kwenye Jeep karibu 82. Bulo 6 nazo zina udanganyifu wake: Land Cruiser 75, Hilux ya zamani na Nissan Patrol zinatumia duara lile lile, hivyo gurudumu la moja linaingia kwenye lingine bila shida. Watu wanaona gurudumu limeingia, wanaamini pon ni ile ile. Sivyo kabisa.

Tofauti kati ya Hilux na Land Cruiser inahitaji kusemwa polepole, kwa sababu inahusu uhai wa abiria. Tazama katikati ya gurudumu la nyuma. Kwenye Land Cruiser nzito na kwenye Land Rover utaona kichwa cha chuma kimejitokeza nje ya gurudumu, kimefungwa kwa bulo ndogo kwa mzunguko. Hapo gari linabebwa na bomba la pon lenyewe, na shafti iliyo ndani inazungusha tu. Shafti ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake. Unaweza hata kuichomoa, ukaweka pon ya mbele ifanye kazi, ukarudi nyumbani polepole. Kwenye Hilux hakuna kichwa hicho; katikati ya gurudumu la nyuma ni tambarare. Shafti ndiyo inayobeba uzito na ndiyo inayozungusha. Ikikatika nje ya beringi, gurudumu linaweza kuondoka peke yake huku watu wakiwa juu.

Hilux si gari baya. Lilitengenezwa kwa mzigo wa Hilux. Lakini ukienda kwenye parkingi utakuta kamioneti iliyoongezwa mabamba ya resori ili ibebe kama Land Cruiser, pon ya chini ikiwa ile ile nyembamba. Mama anayepandisha watoto juu ya mzigo hana muda wa kuuliza mambo ya shafti. Anaweza hata hivyo kutazama katikati ya gurudumu la nyuma, na kuona gunia la mwisho lilivyolaza gari.

Sasa meno. Kwenye Land Cruiser za zamani, uwiano unaokutwa sana ni 4.10 na 4.30, yaani kurone ya meno 41 au 43 kwa pinyo ya meno 10. Kuna na nyingine. Gari lililouzwa kwa soko la Japani na kuja kwetu likiwa limetumika kupitia Mombasa na Kampala linaweza kuwa na uwiano tofauti na gari la mradi lililokuja likiwa jipya. Kwenye chumba cha injini kuna plaki yenye alama ya pon: herufi ya kwanza inaonyesha ukubwa wa kurone, namba zinazofuata zinaonyesha uwiano. Isomwe, iandikwe. Lakini plaki inajua siku ya kiwandani tu. Haijui mwaka 1993, haijui mwaka 2000.

Kwa hiyo mafundi wazoefu wanahesabu. Gari linawekwa mahali tambarare, magurudumu yanayobaki chini yanazuiwa kwa magogo mbele na nyuma, gia inatolewa, na gurudumu moja tu la pon inayopimwa linainuliwa kwa kriki na kuwekwa juu ya kigogo imara. Alama ya chaki inapigwa kwenye tairi na nyingine kwenye kardani. Mmoja anazungusha gurudumu kwa mkono, mwingine anahesabu kardani. Kwa kuwa gurudumu la pili limesimama chini, difu inafanya gurudumu lililo hewani lizunguke mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kurone. Kwa hiyo mizunguko 2 ya gurudumu inatoa uwiano. Tatizo ni kwamba 4.10 na 4.30 ziko karibu mno. Kosa dogo la jicho linaziunganisha. Dawa ni uvumilivu: zungusha gurudumu mara 20. Kardani ikizunguka mara 41, ni 4.10. Ikizunguka mara 43, ni 4.30.

Magogo hayo si mapambo. Breki ya mkono ya Land Rover, ya Jeep ya vita na ya baadhi ya Land Cruiser za zamani sana haishiki magurudumu, inashika kardani. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, difu inaliruhusu lizunguke hata kama breki imevutwa hadi mwisho, na gari zima linaweza kuteremka juu ya mtu aliyelala chini. Tena, ili kuhesabu kwenye pon ya nyuma lazima breki hiyo iachiliwe. Hakuna kitu kingine kinachoshika gari isipokuwa magogo. Na mtoto wa garaji asitumwe chini kwa sababu tu ni mwembamba.

Kwa nini taabu yote hiyo kwa tofauti ya meno mawili? Kwa sababu kwenye Land Cruiser hizi, ukishaingiza magurudumu manne, kardani ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja. Zinazunguka sawasawa, zipende zisipende. Kama mbele ni 4.10 na nyuma ni 4.30, katika kila kilomita moja magurudumu ya mbele yanataka kwenda karibu mita 49 zaidi ya yale ya nyuma. Kwenye tope, tairi zinateleza na kusamehe. Kwenye udongo mwekundu uliokauka hakuna msamaha: nguvu inajikusanya, usukani unakuwa mzito, gia inagoma kutoka, na mwishowe kinavunjika kile kilicho dhaifu zaidi. Mara nyingi mwenye gari analaumu piesi iliyovunjika, ananunua nyingine ya aina ile ile, na inavunjika tena. Tairi za ukubwa tofauti mbele na nyuma zinaleta ugonjwa huo huo.

Mafuta nayo yanazungumza. Njia za huku zina vijito visivyo na daraja, na pon iliyotembea mwendo mrefu ina joto. Ikiingia ghafla katika maji baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia mipira iliyochoka. Juu ya pon kuna kitundu cha kupumulia. Kikiziba kwa tope, uvutaji unakuwa mkali zaidi. Fungua bulo ya chini: mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yameingia maji. Mafuta yenye vumbi linalong'aa yanasaga meno. Pon hizi zinataka mafuta mazito ya gia, namba 90, yale ya kuhimili meno yanayosuguana kwa nguvu. Mafuta ya injini yaliyomwagwa kutoka gari lingine yanaonekana kuokoa pesa kwa majuma machache.

Pon ya mbele ya Land Cruiser ina mviringo wa chuma kila upande, kama goti, ambamo shafti inajikunja wakati usukani unapogeuka. Goti likilowa mafuta mepesi kwa nje, mpira wa ndani umekwisha na mafuta ya tumbo yanasafisha grisi ya goti. Gari litaanza kugonga “ka-ka-ka” kwenye kona. Kwa anayenunua pon nzima ya mbele, jambo lingine: magari yaliyotoka upande wa Uganda mara nyingi yana usukani wa kulia, na mkono unaosukuma magurudumu unaweza kuwa upande usio wako. Ulizia kabla ya kulipa.

Ujumbe mzuri wa kutuma Kisangani au Kampala unakuwa mrefu kidogo kuliko watu walivyozoea. Unasema ni pon ya mbele au ya nyuma. Unasema idadi ya bulo za gurudumu na umbali kati ya bulo mbili jirani. Aina ya resori. Kama tumbo lina kifuniko nyuma au halina. Kama kardani inaingia juu au chini ya katikati. Alama ya plaki, na hesabu ya meno, hata kama vinapingana. Hapo ndipo muuzaji mwenye akili atakapojua kwamba gari limebadilishwa, na atauliza zaidi kabla ya kufunga gunia. Picha mbili zinasaidia kuliko maneno mia, moja kutoka mbele ya tumbo na nyingine kutoka nyuma, baada ya kupangusa tope.

Kurone na pinyo huuzwa kwa jozi, kwa sababu kiwandani zilisuguliwa pamoja mpaka zikazoeana, na mara nyingi namba moja imechongwa juu ya zote mbili. Kurone ya gari moja na pinyo ya lingine, hata zikiwa na idadi sahihi ya meno, zitalia kama ng'ombe kwa majuma machache na kisha kuliwa. Kwa hiyo vipande vya zamani visitupwe na visiuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla vipya havijafika na kuingia. Kurone iliyopoteza meno bado inahesabika: kila jino lililokatika limeacha kisiki chake, na kisiki kinahesabiwa kama jino.